Shajara ya mradi: homoni za ovari na mapigo ya silia katika mrija wa uzazi wa ng'ombe

Februari: swali na dozi

Mradi unauliza hivi: projesteroni (homoni inayotawala baada ya yai kutoka) inapunguza mapigo ya silia, yaani nywele ndogo mno zinazopiga juu ya seli, katika mrija wa uzazi wa ng'ombe kwa dozi gani, baada ya muda gani, na je, estradioli (estrojeni kuu ya ovari) inazuia kupungua huko? Kipimo cha kwanza ni idadi ya mapigo kwa sekunde (Hz). Cha pili, kitakachofuata, ni mwendo wa chembe ndogo juu ya utando.

Ng'ombe anatufaa kuliko panya. Kwa kawaida hutoa yai moja katika mzunguko wa siku 21 hivi, mrija wake unapasulika bila kuhitaji hadubini, na viungo hivi machinjioni hutupwa. Tunatumia ampula, sehemu pana ya mrija ambako yai hurutubishwa, kwa kuwa seli zenye silia ni nyingi pale. Kadiri unavyoshuka kwenye sehemu nyembamba inayoelekea mji wa mimba, silia hupungua na misuli laini huzidi.

Yaliyokwisha kuchapishwa yanaonekana kugongana. Mahmood na wenzake, 1998, walipima mirija ya wanawake: projesteroni ya mikromola 10 ilishusha mapigo kwa asilimia 40 hadi 50 baada ya saa 24. Estradioli peke yake haikuleta badiliko la maana, ila ilipowekwa pamoja na projesteroni ilizuia kushuka huko, na mifepristoni, dawa inayozuia kipokezi cha projesteroni, nayo vilevile. Wessel na wenzake, 2004, waliona kwa ng'ombe kushuka kwa haraka, muda mfupi mno kwa jeni kuwashwa na protini mpya kutengenezwa. Kundi la Göteborg, Uswidi, likaona jambo la namna hiyo kwa panya mwaka 2010, ndani ya nusu saa. Lakini Kölle na wenzake, 2009, walipopima mwendo wa chembe katika mirija ya ng'ombe hawakukuta tofauti kati ya kabla na baada ya yai kutoka.

Kwa maoni yetu mgongano huo ni wa dozi na wa kipimo kabla haujawa wa baiolojia. Mikromola 10 za projesteroni ni nanogramu 3,145 kwa mililita. Plasma ya ng'ombe katikati ya mzunguko ina nanogramu 5 hadi 10 tu, yaani kama nanomola 16 hadi 32. Dozi iliyotumika sana maabara ni zaidi ya mara 300 ya ile iliyomo kwenye damu. Hata hivyo plasma si kipimo kamili cha kinachoufikia mrija: homoni huvuka kutoka vena ya ovari kuingia kwenye ateri iliyo kando yake, hivyo mrija wa upande wenye mwili njano (tezi inayobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka, nayo hutoa projesteroni) hupata projesteroni zaidi ya damu ya shingoni. Tena yai linapotoka huja na majimaji ya folikeli (kifuko cha yai), yenye steroidi, yaani homoni za aina ya projesteroni na estradioli, nyingi mno kuliko damu. Kwa hiyo tumepanga ngazi: nanomola 10, 30, 100, kisha mikromola 1 na 10. Asiyepima nanomola 30 asiseme lolote kuhusu ng'ombe aliye hai.

Machi: sampuli kutoka machinjioni

Utaratibu umekamilika na unafuatwa. Viungo vyote vya uzazi hutolewa vikiwa vimeshikamana, ovari zote mbili zikiwepo, baada ya mkaguzi wa nyama kumaliza kazi yake. Mrija uliokatwa bila ovari yake hautufai, kwa sababu ovari ndiyo inayosema mnyama alikuwa hatua gani ya mzunguko.

Tunasoma mwili njano kwa nje na kwa kuupasua katikati. Ukiwa mwekundu kama damu iliyoganda, na tundu la yai bado wazi, ni siku 1 hadi 4. Kilele chekundu au cha kahawia huku ndani kukiwa rangi ya chungwa, ni siku 5 hadi 10. Wote rangi ya chungwa na mishipa ya damu imetanda hadi kileleni, ni siku 11 hadi 17. Umesinyaa, wa njano hafifu au mweupe, bila mishipa juu yake, ni siku 18 hadi 20, na hapo kwa kawaida folikeli kubwa inaonekana. Mpaka kati ya hatua ya pili na ya tatu ndio unaobishaniwa zaidi mezani. Picha ya kila ovari iliyopasuliwa huhifadhiwa pamoja na namba ya mnyama ili mtu wa pili asome bila kujua wa kwanza alisema nini.

Ng'ombe wenye mimba hawaingii, hata mimba changa. Mji wa mimba hufunguliwa kila mara kuhakikisha. Pia wa kiangazi kikali wanahitaji safu yao wenyewe: zebu aliyekonda huacha kuingia kwenye joto, ovari zake huwa ndogo na hazina mwili njano wowote. Kwa mtu wa uzalishaji hiyo ni hasara. Kwetu ni utando uliokaa muda mrefu bila projesteroni ya ovari, nao ni ulinganisho mzuri.

Brusela, bakteria anayetoa mimba za ng'ombe na kuambukiza binadamu. Viungo vya uzazi vya ng'ombe ni mahali pake hasa. Glovu mbili, miwani ya kinga, barakoa, na mji wa mimba haufunguliwi kamwe kwenye meza ileile ya hadubini. Mabaki yote huchemshwa kwenye otoklevu (chombo cha mvuke wenye shinikizo) kabla ya kutupwa.

Usafirishaji: mrija hufungwa uzi ncha zote mbili ili damu isiingie, husuuzwa kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kisha huwekwa kwenye mfuko wenye M199 (maji ya kukuzia seli) yenye HEPES (kemikali ya kutuliza pH) milimola 25, pH 7.4, na antibiotiki jentamaisini mikrogramu 50 kwa mililita. Mfuko unakaa kwenye deli juu ya barafu, lakini kuna taulo katikati. Nyama iliyogusa barafu moja kwa moja huganda pembeni, na seli zilizoganda hazirudi. Kwenye nyuzi 4 silia husimama au hujivuta tu; zikipashwa taratibu huanza tena. Kikomo chetu ni saa 3 tangu kuchinjwa.

Aprili: chemba na joto

Mrija husafishwa mafuta na utando unaoushikilia, ukanyooshwa, ukapasuliwa kwa urefu kwa mkasi mdogo wenye ncha butu. Mikunjo ya ampula hulala mmoja juu ya mwingine kama kurasa za kitabu kilicholowa. Mkunjo mmoja huinuliwa kwa kibano, ukakatwa vipande vya milimita 2 hadi 3, kila kipande kikiwa na ukingo wa asili usiokatwa. Ukingo huo ndio unaopigwa picha: silia zinaonekana kwa ubavu, zikipanda na kushuka dhidi ya mandhari nyeupe. Ukipiga picha kutoka juu, katikati ya kipande, unapata mwangaza unaotetemeka tu na huwezi kujua ni silia za tabaka gani.

Ute mzito na chembe za damu ni lazima zitoke kwanza. Misuuzo mitatu ya dakika 5 inatosha kwa wengi, ila kwa mnyama aliyetoka karibuni kwenye joto la kupandwa ute huwa mwingi zaidi. Usisugue. Kisu kikikwangua utando, seli zenye silia hutoka kwa vikundi na kuogelea, na programu itazihesabu kana kwamba ni silia nzuri mno.

Joto ndilo lililokula muda wetu mwingi, na tunadhani ndilo linaloharibu data nyingi za aina hii. Mwili wa ng'ombe una nyuzi 38.5, si 37. Meza ya hadubini ikiandika 38.5 haina maana kwamba tone lina 38.5; themokapo nyembamba (waya wa kupimia joto) iingizwe ndani ya tone lenyewe, kipande kikiwa pale, lenzi ikiwa mahali pake pa kazi. Lenzi inayotumia mafuta au maji hugusana na kioo na kunyonya joto moja kwa moja kutoka kwenye sampuli. Tumehamia lenzi kavu ya mara 40 yenye fezi kontrasti (mbinu ya kuonyesha seli zisizopakwa rangi), na mkanda wa kupasha umefungwa kwenye shingo yake.

Hesabu inaonyesha kwa nini tunahangaika. Tuchukulie mapigo yanaongezeka mara mbili kwa kila nyuzi 10. Kupoa kwa nyuzi 2 tu kutayashusha kwa asilimia 13. Mtu anayefungua chemba kuongeza projesteroni baridi kutoka mezani, kisha akapima baada ya dakika moja, ataona "athari ya homoni" ambayo ni athari ya pipeti. Suluhisho zote sasa hukaa kwenye bafu la nyuzi 38.5 kabla ya kutumika, kikundi cha ethanoli (kiyeyusho peke yake, bila homoni) hupata mabadilisho yaleyale ya maji, na hakuna rekodi kabla themokapo haijakaa ndani ya 0.3 ya lengo kwa dakika 5.

Chemba yenyewe ni vioo viwili na pete ya chuma cha pua katikati. Silikoni tumeiacha; sababu iko kwenye ingizo la Juni. Chemba iliyofungwa huzuia maji kukauka, lakini hewa ndani ni kidogo, kwa hiyo kipande hakikai humo zaidi ya dakika 20 bila maji kubadilishwa. Maji ya seli yenye bikaboneti bila kaboni dioksidi hugeuka kuwa na alkali hewani, na pH yenyewe hubadilisha mapigo. HEPES inatumika wakati wa kupiga picha, bikaboneti ndani ya inkubeta ya asilimia 5 ya kaboni dioksidi.

Mei: kamera

Fremu 200 kwa sekunde, kila fremu ikipokea mwanga kwa milisekunde 2, sekunde 10 kwa kila eneo: fremu 2,000. Kwa pikseli 640 kwa 480 za biti 8, hiyo ni megabaiti 614 kwa kila rekodi, kwa hiyo diski ya SSD ni lazima, na ya mtandao haifai. Sekunde 10 zinatoa uwezo wa kutenganisha masafa (idadi ya mapigo kwa sekunde) yaliyoachana kwa 0.1 Hz. Sekunde 2 zinatoa 0.5 Hz, na kwa silia zinazopiga mara 5 kwa sekunde hiyo ni asilimia 10 nzima iliyopotea kabla hujaanza.

Kamera ya fremu 30 imeachwa kabisa. Watu husema silia hazipiti 15 Hz, kwa hiyo fremu 30 zinatosha. Hazitoshi. Mwendo wa silia si wimbi laini: pigo la kusukuma ni la kasi, la kurudi ni la pole, na pikseli moja inaweza kupitiwa mara mbili katika mzunguko mmoja. Silia ya 8 Hz inaleta pia vigawe vyake, 16 na 24. Kwenye fremu 30, ile 16 hujionyesha kama 14, na 24 hujionyesha kama 6. Ghafla kwenye grafu ya masafa una kilele safi cha 6 Hz ambacho hakipo kwenye mrija.

Mtego wa pili ni taa. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo taa isiyo na umeme ulionyooshwa (wa mkondo mmoja, kama wa betri) hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kwenye fremu 90 kupepesa huko huonekana kama 10 Hz. Kwenye fremu 120 kama 20 Hz. Kilele hicho ni chembamba, kizuri, hakibadiliki kwa dawa yoyote, na kipo kwenye kila pikseli. Taa za LED zinazopunguzwa mwangaza kwa kuzimwa na kuwashwa upesi zina ugonjwa uleule. Sasa taa inalishwa na betri, mwangaza hupunguzwa kwa kichujio cha kioo, na kila asubuhi hurekodiwa chemba tupu yenye maji tu. Kilele chochote kati ya 2 na 30 Hz kwenye chemba tupu kinasimamisha kazi ya siku.

Kwa wanaotumia simu badala ya kamera ya maabara: simu nyingi hubadilisha kasi ya fremu zenyewe mwanga ukipungua. Soma muda wa kila fremu kutoka ndani ya faili, usiamini namba iliyo kwenye skrini.

Juni: steroidi

Projesteroni, uzito wa molekuli 314.46: miligramu 3.14 ndani ya mililita 1 ya ethanoli safi ni milimola 10. Mikrolita 1 ya hiyo kwenye mililita 1 ya M199 ni mikromola 10, na ethanoli inabaki asilimia 0.1. Estradioli ni 272.38, kwa hiyo miligramu 2.72 kwa mililita. Dozi ndogo zinatengenezwa kwa kushusha ndani ya ethanoli kwanza, ndipo mikrolita 1 iingie kwenye mililita, ili kila kikundi kipate ethanoli ileile ya asilimia 0.1. Ukishusha ndani ya maji, kiasi cha ethanoli hutofautiana kati ya vikundi, na steroidi yenyewe hunata kwenye kuta za chupa njiani.

Kunata huko ndiko tatizo kubwa la dozi ndogo. Plastiki ya polistireni hunyonya projesteroni. Silikoni huinywa. Mafuta ya madini yanayowekwa juu ya tone kuzuia ukavu huivuta kutoka majini, na nanomola 30 inakuwa kitu usichokijua. Tunatumia kioo kila mahali, suluhisho hutengenezwa asubuhi ileile, na sampuli ya maji ya mwisho wa jaribio hugandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri ili projesteroni ipimwe baadaye kwa ELISA (kipimo kinachotumia kingamwili). Grafu itachorwa kwa dozi iliyopimwa, si iliyoandikwa kwenye chupa.

Albumini hushika steroidi, kwa hiyo majaribio ya dakika 60 hayana protini. Seramu ya kawaida ya ndama ina homoni zake. Inapohitajika, ni ile iliyochujwa kwa mkaa. Na M199 iwe isiyo na fenoli nyekundu, kwa sababu rangi hiyo huja na uchafu wenye tabia ya estrojeni. Rangi ya waridi inapendeza, lakini huwezi kudai una kikundi kisicho na estrojeni ukiwa nayo.

Mpangilio wa kila mnyama: ethanoli, projesteroni ngazi zote, estradioli nanomola 10, zote mbili, projesteroni pamoja na mifepristoni. Vipimo kabla ya dawa, kisha dakika 15, 30 na 60, na vipande vingine saa 24. Dakika zinauliza kuhusu njia ya haraka, ile inayohusishwa na vipokezi vya utando, kalsiamu na cAMP (kibeba ujumbe ndani ya seli); saa 24 zinauliza kuhusu jeni. Mifepristoni huzuia pia kipokezi cha glukokotikoidi (homoni kama kotisoli), kwa hiyo peke yake haitoshi kuthibitisha njia.

Mwisho wa kila kipande huongezwa ATP (molekuli ya nishati ya seli) mikromola 100 kutoka nje. Utando ulio hai huongeza mapigo upesi. Kipande kisichoongeza kinatolewa kwenye data, kikundi chochote kilichomo, na kinatolewa kabla ya misimbo inayoficha dawa ipi ni ipi kufunguliwa. Bila kipimo hiki, kipande kinachokufa na kipande ambacho mapigo yake yamepunguzwa na projesteroni havitofautiani.

Agosti: saa 24, na uchambuzi

Vipande vidogo vikikaa usiku kucha hujikunja kuwa vifuko, silia zikiwa nje, navyo huanza kuzunguka vyenyewe majini. Vinapendeza kuonyesha wageni, lakini pikseli iliyokuwa na silia sasa ina ukingo unaopita. Vifuko hushikwa kwa wavu wa nailoni na pete ya chuma juu yake. Tulifikiria seli zilizotenganishwa kwenye sahani, lakini hizo hutandaa, hulala chini na kupoteza silia zake. Kuzirudisha kunahitaji utando wenye vitundu vidogo, majimaji upande wa chini na hewa juu, kwa wiki kadhaa.

Kuna jambo jingine saa 24 haziwezi kulijibu. Homoni hazigusi kasi tu, zinagusa pia idadi. Brenner, akifanya kazi na nyani wa rhesus miaka ya 1960, alionyesha kwamba estrojeni huotesha silia kwenye ncha ya mrija, na zikiondolewa ovari silia hupotea. Kwa ng'ombe mabadiliko ni madogo zaidi, lakini yapo: seli zenye silia hupungua wakati mwili njano unatawala. Kwa sababu hiyo tunaripoti namba mbili, mapigo kwa sekunde na sehemu ya ukingo yenye silia zinazotembea. Mtu akichagua kwa jicho maeneo "mazuri" ya kurekodi, namba ya pili inafutika. Maeneo huchaguliwa kwa kusogeza meza milimita 0.5 kila mara, likiwa zuri au baya.

Programu inagawa picha kwenye viraba vya pikseli 4 kwa 4, inaondoa wastani, inaweka dirisha la Hann (linalofifisha mwanzo na mwisho wa rekodi), inafanya mgeuzo wa Fourier (hesabu ya kutenganisha masafa) na kutafuta kilele kati ya 2 na 30 Hz. Kilele kisichofika mara 3 ya kelele ya mandhari hakihesabiwi. Kilele kikiwa na mwenzake kwenye nusu ya masafa yake, cha chini ndicho kinachochukuliwa. Kisha mediani (thamani ya katikati) ya viraba vyote, mediani ya maeneo, na namba moja kwa kila kikundi kwa kila mnyama. Viraba 4,000 kutoka kwa ng'ombe mmoja ni ng'ombe mmoja. Makala zinazoandika maelfu kwenye safu ya "n" zinapata umuhimu wa kitakwimu kutoka kwenye ukubwa wa kamera.

Lengo ni wanyama 8 kwa kila hatua ya mzunguko. Anayeongeza dawa hajui iliyomo kwenye chupa, anayechambua hajui msimbo, na orodha imefungwa hadi mnyama wa mwisho, kwa hiyo hakuna matokeo ya homoni kwenye shajara hii. Hatua ya siku 1 hadi 4 ndiyo inayosuasua: ni siku chache ndani ya 21, na miili njano mipya ni midogo, rahisi kuikosa kwenye foleni ya machinjio.

Oktoba: kinachofuata

Chembe za polistireni za mikromita 3 zimeagizwa kwa kipimo cha mwendo. Mapigo na usafirishaji si kitu kimoja: silia zinaweza kupiga upesi bila mpangilio na chembe isisogee, au silia za pole zikaubeba ute mzito mbali. Chembe zitawekwa upande wa ovari na kufuatwa kuelekea mji wa mimba, kipande kikiwa na alama ya wino upande mmoja. Bila alama, baada ya misuuzo hakuna ajuaye upande gani ni upi.

Misuli laini itazuiwa kwa isoproterenoli, dawa inayoilegeza, kama Halbert alivyofanya kwa sungura miaka ya 1970 alipotaka kujua silia peke yake zinabeba nini. Tatizo ni kwamba dawa za aina hiyo huongeza pia mapigo ya silia. Jaribio dogo la kulinganisha isoproterenoli na maji yasiyo na kalsiamu halitasaidia, kwa kuwa kalsiamu inahitajika na silia zenyewe. Nikadipini, inayofunga milango ya kalsiamu ya misuli, inapimwa kwanza kwenye vipande vya ethanoli tu. Ikibadilisha mapigo nayo itaachwa, na mwendo wa chembe utapimwa kwenye mikunjo iliyotenganishwa na ukuta wa misuli.